Kibodi Ikigoma Kwenye Linux: Anzia Terminali Pepe, Si Kitufe cha Kuzimia

Malindi haina uhaba wa kompyuta kuukuu. Zipo zilizoachwa na Waitaliano waliorudi kwao, zipo zilizoshushwa Mombasa kutoka Uingereza na Dubai, na nyingi zimewekewa Ubuntu au Linux Mint kwa sababu Windows mpya zinazilemea. Mashine zenyewe hudumu. Kinachotangulia kuleta ukorofi ni kibodi: upepo wa baharini huingiza chumvi na mchanga chini ya vitufe, stima hukatika masasisho yakiwa katikati, bando huisha kabla programu hazijashuka zote. Mwenye mashine akiona haandiki kitu, hushikilia kitufe cha kuzimia mpaka izimike, na barua ambayo hakuihifadhi inakwenda na maji.

Ubovu wa kibodi hukaa katika mojawapo ya sehemu nne: kitufe chenyewe, kerneli (kiini cha Linux kinachoongoza vifaa vya mashine), mpangilio wa herufi, au eneokazi unaloliona. Kazi ya fundi ni kujua ni ipi kabla hajagusa kitu. Chombo cha kujulia umekuwa nacho tangu siku Linux ilipowekwa, nacho ni terminali pepe, yaani skrini ya maandishi matupu unayoandikia amri nje ya eneokazi. Ichukulie kama mlango wa uani: sebule ikifungwa, bado nyumbani unaingia.

Amri za hapa ni za Ubuntu, Mint na Debian. Inayoanza na sudo huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine.

Kwanza, je, mashine iko hai?

Bonyeza Caps Lock mara mbili tatu ukitazama kitaa chake. Kikiwaka na kuzimika, vitufe vinafika na vinapokelewa. Ubovu uko kwenye eneokazi au kwenye programu uliyofungua. Kisipobadilika, usihukumu bado, kwani huenda ni eneokazi lililoganda, na hilo ndilo linalowasha kitaa hicho. Laptopu nyingine hazina kitaa kabisa.

Kisha tazama saa kwenye kona ya skrini na usogeze kipanya. Saa ikienda na kipanya kikitembea, tatizo ni la kibodi. Vyote vikiwa vimesimama, mashine imezidiwa na kibodi haina kosa. Kwa kompyuta ya RAM ya gigabaiti 4 iliyofunguliwa kurasa nyingi za kivinjari, hilo ni jambo la kila siku. Iache dakika chache kabla ya kufanya lolote.

Pita uani

Shika Ctrl na Alt pamoja, kisha bonyeza F3. Skrini inakuwa nyeusi, na juu panaandikwa jina la mashine, tty3 (yaani terminali namba 3), na neno login. Kazi zako zipo kule kule ulikoziacha, hakuna kilichofungwa. Andika jina lako la mtumiaji, Enter, kisha nenosiri. Nenosiri halionyeshi hata nyota, na wengi huacha hapo wakidhani kibodi imekufa. Liandike lote, ubonyeze Enter.

Ikiwa badala ya tty3 umepata mwangaza kupungua au sauti kupanda, laptopu yako imezipa F1 hadi F12 kazi nyingine. Ongeza Fn: Ctrl+Alt+Fn+F3. Lenovo nyingi hubadilisha tabia hiyo kwa Fn+Esc. HP nyingi huibadilisha ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Linux kuanza), panapoandikwa Action Keys Mode. Anayetumia Linux ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, ashike Ctrl ya kulia na F3, maana Ctrl+Alt+F3 itadakwa na kompyuta iliyoibeba.

Kurudi ndiko kunakotia watu hofu. Ubuntu yenye eneokazi la GNOME kwa kawaida huweka ukurasa wa kuingilia kwenye tty1 na eneokazi lako kwenye tty2, basi rudi kwa Ctrl+Alt+F2. Mint kwa kawaida hukaa tty7. Usipojua, uliza:

loginctl list-sessions

Safu ya TTY itakuonyesha eneokazi lako liko wapi. Likiwa tty2, nenda moja kwa moja:

sudo chvt 2

Ukijikuta kwenye skrini nyeusi yenye kistari kinachopepesa tu, umeangukia namba isiyo na mtu. Linux kwa kawaida huandaa terminali sita za mwanzo, zilizobaki ni tupu. Bonyeza Ctrl+Alt na namba nyingine.

Ukishaingia, maliza jambo la kuzidiwa kwanza. Amri ya free -h inaonyesha kumbukumbu iliyobaki. Amri ya top inaonyesha nani anakula. Bonyeza Shift+M ili mlafi apande juu, kisha q kutoka. Kivinjari kikiwa ndicho:

pkill firefox

Rudi kwenye eneokazi uone kama limefufuka. Mint yenye eneokazi la Cinnamon ina njia ya mkato nzuri sana: Ctrl+Alt+Esc huanzisha upya Cinnamon bila kufunga madirisha yako. Amri ya sudo systemctl restart display-manager ni ya mwisho kabisa, kwa sababu inakutoa nje na kila ambacho hukukihifadhi kinapotea.

Nenosiri linakubaliwa kwenye eneokazi, linakataliwa kwenye tty

Hili ndilo tatizo ninaloliona zaidi hapa Malindi, na karibu kila mara mwenye mashine ameshaambiwa na mtu kwamba ina jini. Haina. Ina mipangilio miwili ya kibodi isiyopatana.

GNOME huhifadhi mpangilio wa herufi kwenye mipangilio ya mtumiaji. Terminali pepe hazisomi huko; zinasoma faili ya /etc/default/keyboard. Ulipobadilisha kibodi kwa kipanya ukaona herufi zimekaa sawa, ulibadilisha upande mmoja tu. Uani kumebaki kama kulivyokuwa siku ya kwanza, aghalabu mpangilio wa Marekani.

Chukua laptopu iliyochongwa kwa Kiitaliano, ambayo tty yake inadhani ni ya Marekani. Alama ya @ imechongwa kwenye kitufe cha ò, kulia kwa L, lakini ukikibonyeza kinatoa nukta mkato. Kistari kimechongwa kulia kwa nukta. Bonyeza, utapata mkwaju. Kwa hiyo ls -l inatoka ls /l, nawe unaambiwa faili haipo. Mkwaju wenyewe umechongwa juu ya 7, na Shift+7 inatoa &, hivyo cd /home inageuka cd &home na mashine inajibu mambo usiyoyaelewa. Laptopu za Uingereza zina kasoro ndogo zaidi: @ na alama za kunukuu zimebadilishana nafasi, na £ iko juu ya 3 mahali ambapo Marekani huweka #.

Namna ya kuthibitisha: kwenye tty3, palipoandikwa login, andika nenosiri lako mahali pa jina. Hapo herufi zinaonekana. Soma kilichotoka, kisha ukifute chote kwa Backspace. Usibonyeze Enter, kwani jina linalokataliwa linaweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo, nalo ni nenosiri lako. Na hakikisha hakuna mtu nyuma yako. Kwenye saiba daima yuko.

Ukiona @ haitoki, itafute ilipo kwa Wamarekani: Shift+2. Ingia hivyo kwa mara hii, kisha urekebishe kabisa:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Utaulizwa aina ya kibodi, nchi, na kitufe cha AltGr. Aina ukiwa na shaka, chagua ya jumla yenye vitufe 105. Nchi, fuata kilichochongwa kwenye vitufe. Uraia wako hauhusiki hapa. Mpangilio wa Kiswahili cha Kenya upo, msimbo wake ni ke, na wa Tanzania ni tz, lakini Kiswahili hakihitaji herufi yoyote ambayo Mwingereza au Mwitaliano hana. Baada ya hapo, ukiwa bado kwenye tty:

sudo setupcon

Faili sasa itakuwa na mstari kama XKBLAYOUT="it". Kwenye eneokazi, weka mpangilio huo huo kupitia mipangilio ya kibodi, ili pande mbili zipatane.

Kuna kosa moja linalowakera walimu na makarani peke yao. Ukiandika ng'ombe ikatoka ngómbe, au ng'ara ikatoka ngára, umechagua mpangilio wa Marekani ule wa kimataifa wenye vitufe vinavyosubiri. Kwenye mpangilio huo ritifaa haiandiki chochote mpaka uone herufi inayofuata. Ikiwa ni vokali, huipandia kichwani. Ondoa huo, weka ule wa Marekani wa kawaida. Asiyeweza kuubadilisha, labda mashine si yake, abonyeze ritifaa kisha nafasi, ndipo aendelee na vokali.

Alt+F4 inakutupa kwenye skrini nyeusi

Ulitaka kufunga dirisha, badala yake umejikuta tty4. Au Alt na mshale wa kushoto, ambao kwenye kivinjari hurudisha ukurasa wa nyuma, unakuhamisha terminali. Mara nyingi huanza baada ya masasisho kugusa vifurushi vya kibodi. Kilichotokea ni kwamba kerneli imerudi kusikiliza vitufe ambavyo ilipaswa kuliachia eneokazi, na sasa wote wawili wanapokea.

Usilichukulie kama kero ndogo. Unachoandika kwenye eneokazi, manenosiri yakiwemo, kinaingia pia kwenye terminali iliyo nyuma yake, na Ctrl+C ya kunakili inaweza kuua eneokazi zima na kukurudisha kwenye ukurasa wa kuingilia. Hifadhi kazi yako kwa kipanya kwanza. Halafu fungua dirisha la terminali uangalie, ukiweka namba ya tty ya eneokazi lako:

sudo kbd_mode -C /dev/tty2

Jibu likitaja Unicode, umeupata ugonjwa. Dawa:

sudo kbd_mode -s -C /dev/tty2

Inafanya kazi papo hapo. Angalia namba mara mbili: ukiitumia amri hii kwa terminali ya maandishi unayoandikia, kibodi yako ndiyo itakayovurugika.

tty inasikia, eneokazi halisikii

Hapa kitufe na kerneli vimeshatoka lawamani. Baki na eneokazi.

Jaribu jambo rahisi kwanza. Shika Shift ya kulia sekunde nane, kisha uandike. Kushikilia Shift hivyo huwasha au kuzima vitufe vya polepole, huduma ya wenye mikono inayotetemeka: kitufe kisiposhikwa kwa muda, hakihesabiwi. Mtu aliyeegemeza kidole akisoma barua huiwasha bila kujua, akaona kibodi imekufa. Kubonyeza Shift mara tano mfululizo nako huwasha vitufe vya kunata, ambapo Ctrl au Shift iliyoguswa mara moja hubaki kama imeshikwa. Zote mbili zinapatikana kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Kwenye GNOME, kuzuia zisiwashwe tena kwa kibodi:

gsettings set org.gnome.desktop.a11y.keyboard enable false

Ikiwa baadhi ya programu zinapokea herufi na nyingine hazipokei, mshukiwa ni IBus, inayosimamia uandishi wa lugha mbalimbali. Fungua kibodi ya skrini kwenye alama ya ufikivu, uandike kwa kipanya: ibus restart. Inachosha, lakini ni maneno mawili tu.

Kama kibodi na kipanya vyote vimekufa tangu ukurasa wa kuingilia, na jana ulikuwa unasasisha stima ikakatika, huna haja ya kuweka Linux upya. Nenda tty3 na umalizie kazi iliyokatika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
sudo apt install xserver-xorg-input-all

Hiyo ya tatu hurudisha draiva za kibodi na kipanya kwa eneokazi linalotumia Xorg (programu inayochora skrini na kupokea vitufe), kama la Mint. Intaneti uipate kwa simu: ichomeke kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB, kwa kawaida mashine huipokea yenyewe. Kwa wifi:

nmcli device wifi connect "JinaLaWifi" password "nenosiri"

Hakuna panaposikia: mtuhumu kitufe

Zima mashine, iwashe, na uingie BIOS au menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Linux haijaanza hapo. Mishale ikifanya kazi kwenye GRUB na kufa baadaye, ubovu ni wa mfumo. Isipofanya kazi hata hapo, ni waya, chumvi au kibodi yenyewe, na hakuna amri itakayosaidia.

Kibodi ya USB ya nje ni kipimo kizuri kuliko vyote, nayo haikosi kwa jirani. Kabla ya kuichomeka, anzisha sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, ukiingia kutoka mashine nyingine kwa ssh (njia yake iko mwishoni) au kwa dirisha lililo wazi tayari. Jina la kibodi likitokea, imepokelewa. Ukiona device descriptor read na error -71, mawasiliano ya USB yanakatika: badilisha tundu au waya, na uchungulie tundu lenyewe kama lina ukungu wa kijani. Mashine iliyokaa miaka kwenye kibaraza kinachotazama bahari karibu lazima iwe nao.

Kibodi ya laptopu inayoandika yenyewe, mfano jjjjjj bila kuguswa, ipime hivi:

sudo apt install evtest
sudo evtest

Chagua kifaa kiitwacho AT Translated Set 2 keyboard, ndivyo Linux inavyoiita kibodi ya ndani ya laptopu nyingi, kisha ondoa mikono. Thamani 1 ni kitufe kubonyezwa, 0 ni kuachwa, 2 ni kurudiarudia. Kitufe kinachotoa 2 nawe hujagusa kitu kimekwama. Ukisubiri kibodi mpya, nyamazisha ya ndani na utumie ya USB. Soma faili ya /proc/bus/input/devices utafute jina hilo. Mstari wa Sysfs unaishia na kitu kama input3. Kwa kerneli za kuanzia 5.11:

echo 1 | sudo tee /sys/class/input/input3/inhibited

Weka 0 kuirudisha. Ukiwasha mashine upya hurudi yenyewe, na namba inaweza kubadilika.

Kibodi inayokufa tu baada ya laptopu kulala na kuamka ni kisa kingine. Fungua /etc/default/grub, ongeza i8042.reset ndani ya mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha sudo update-grub na kuwasha upya. Si mashine zote zinazopona kwa hilo, ila halina gharama kulijaribu.

Na kabla hujaita fundi kwa dirisha la terminali lililoganda peke yake: bonyeza Ctrl+Q. Ctrl+S, ambayo kwingine huhifadhi, kwenye terminali husimamisha maandishi. Herufi zikigeuka vinyago baada ya kufungua faili isiyo ya maandishi, andika reset hata kama huoni unachoandika, na Enter.

Andaa leo, kibodi ikiwa nzima

Weka ssh, njia ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao, ili uweze kuingia kwa simu:

sudo apt install openssh-server
hostname -I

Amri ya pili inatoa anwani ya mashine. Kwenye simu ya Android weka Termux, programu ya terminali, andika pkg install openssh, washa hotspot, unganisha laptopu, itazame tena anwani kwa hostname -I, kisha ssh jina@anwani. Siku kibodi itakapokufa, utaingia kwa simu na kufanya yote yaliyo juu, ikiwemo sudo chvt. Kama mashine hukaa kwenye wifi ya wageni au ya saiba, nenosiri la 1234 liondoe kwanza.

Ya pili ni SysRq, vitufe ambavyo kerneli huvisikia hata eneokazi likiwa limeganda. Shika Alt na SysRq, kisha bonyeza R, E, I, S, U, B kwa utaratibu, ukingoja sekunde kadhaa kati ya herufi: eneokazi linanyang'anywa kibodi, programu zinaombwa zijifunge, zinazokaidi zinauliwa, data inaandikwa kwenye diski, diski inafungwa kuandikwa, mashine inawaka upya. Ni salama kuliko kukata umeme. Ubuntu huja na thamani 176, inayoruhusu S, U na B peke yake. Ili R, E na I zifanye kazi:

echo 'kernel.sysrq = 244' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-sysrq.conf
sudo sysctl --system

Baada ya hapo, eneokazi likishika kibodi kiasi kwamba Ctrl+Alt+F3 haijibu, Alt+SysRq+R kwanza, kisha Ctrl+Alt+F3 tena, na mara nyingi tty hufunguka bila kuzima chochote. Kwenye laptopu SysRq hukaa pamoja na PrtSc, pengine kwa kuongeza Fn. Aina nyingine hazina kitufe hicho kabisa. Kwa hizo, hakikisha ile ssh ya simu umeijaribu mara moja na imekubali.